Mafungu Manne ya Maharagwe

Sinia ninayo hadi leo. Ni ya bati, ina maua mekundu yaliyochubuka katikati, na zamani nilikuwa nikiitumia kuchagulia mchele. Sasa siitumii kwa chakula. Imesimama nyuma ya kabati, na anayeniuliza mbona siitoi wageni wakija, namwambia ina tobo. Haina tobo. Juu ya sinia hiyo nilipima jambo moja mara mbili, na nitaeleza jinsi nilivyolipima, maana wako watu hapa Silanga, Kibera, ambao bado wanasema hesabu yangu ilikuwa sawa.

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu, kule kwetu ziwani, na nilichobaki nacho ni kusoma polepole na kuhesabu haraka. Nimekaa Silanga tangu mwanangu akiwa mgongoni. Nakaanga samaki. Si samaki mzima, nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishatoa minofu: kichwa, mkia, na nyama kidogo iliyoshikilia katikati. Watu wa hapa wanaipenda, na wenye haya ya kuipenda hutuma watoto.

Mwanangu alianguka kwenye mjengo, akafa. Aliacha mke na mtoto mmoja wa kike. Mke alikuwa wa Kawangware, binti wa watu wenye ploti: nyumba za mawe, wapangaji, geti la chuma. Mama yake hakuwahi kukubali kwamba binti aliolewa na mtu wa ziwani anayekaa kwenye mabati. Siku ya kwanza kuja kwangu alikataa chai, akasema ana presha. Chai na presha vinahusiana wapi? Nililiweka hilo moyoni. Na tulipompeleka mwanangu nyumbani kuzikwa, kutoka Kawangware alikuja mke peke yake. Hilo nalo nikaliweka.

Baada ya mazishi tukapatana. Mke wa mwanangu alirudi kwao, akapata kazi ya saluni huko Riruta, anatoka asubuhi anarudi giza limeingia. Mtoto alikuwa akisoma shule iliyo upande wa Olympic, si mbali na kwangu. Basi siku za shule akae kwangu. Wikendi, nikiwa na kazi nyingi, aende kwa mama yake Kawangware. Nikiwa sina kazi, abaki nami. Mimi aliniita dani, kama watoto wa kwetu wanavyomwita nyanya. Yule wa Kawangware alimwita cucu. Alikuwa na nyanya wawili na majina mawili, na hakuwahi kuyachanganya.

Alikuwa na miaka saba kifua kilipoanza kumbana. Mwanzoni nilidhani ni kikohozi cha baridi, nikampa tangawizi. Kisha kikawa ni kile cha kulia kama filimbi ndani, mtoto anainua mabega kutafuta hewa, hawezi kumaliza neno. Hospitalini wakasema ni pumu, wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, wakasema tuangalie ni kitu gani kinamchokoza.

Mimi nikaangalia. Kila mara ilikuwa Kawangware. Hapa kwangu anaondoka Jumamosi asubuhi ameshika mfuko wake anaruka mitaro, kisha jioni simu inalia: "Mama, mtoto hapumui vizuri." Jumapili analetwa macho yamevimba, mbavu zinapanda na kushuka kama za mbwa aliyekimbizwa. Akikaa nami wiki nzima, ikiwemo wikendi, yuko mzima. Mtu aliyeshika shule hadi darasa la tatu anahitaji nini zaidi?

Lakini mimi nilikuwa na kitu zaidi. Nilikuwa nimefundishwa kupima.

Kibera watu wa utafiti ni wengi kama wauza mboga. Wanakuja na makaratasi, wanakuuliza una vijiko vingapi, ulilala njaa siku ngapi, unaandikwa, unaambiwa asante, wanaenda. Sisi tulishajua kuwajibu: jibu fupi, mtu aondoke, mafuta yasiungue. Ila kulikuwa na msichana mmoja wa chuo kikuu aliyekuja msimu mzima wa mvua, kila wiki, na viatu vyake vilikuwa vimeshakata tamaa na matope kabla yake. Alikuwa akifuatilia maji na tumbo. Nilipewa karatasi ya kuweka alama: leo tuliteka mitungi mingapi, leo nani anaendesha. Siku ya kwanza aliuliza pia mambo ya nyumba. Paa la nini, choo kiko wapi.

"Na nyumbani mnapikia nini, dani?"

"Gesi."

Na ilikuwa kweli. Nina mtungi mdogo wa gesi wa chai na ugali. Karai la samaki liko nje, kando ya njia, juu ya pipa lililokatwa. Hiyo ni kazi. Fundi seremala ukimuuliza kama kwake kuna vumbi, atakwambia hakuna, kwa sababu vumbi liko kazini.

Mwisho wa msimu alikuja kuniaga, nikamwambia, "Wewe umechukua alama zangu miezi hii yote. Nionyeshe basi zimesema nini."

Akanipenda kwa swali hilo, nadhani. Akaniomba maharagwe. Akaketi kwenye kigoda changu, akachukua ile sinia, akagawa siku zangu mafungu manne, punje moja siku moja. Siku za maji machache zenye tumbo, huku. Siku za maji machache bila tumbo, hapa. Siku za maji mengi zenye tumbo, kule. Za maji mengi bila tumbo, pale.

"Sasa angalia, dani. Kama maji na tumbo havijuani, mafungu yatakaa ovyo ovyo. Lakini haya mawili yanayotazamana yamekuwa makubwa, na haya mengine mawili yamebaki madogo. Hivyo vitu viwili vinatembea pamoja."

"Kwa hiyo kukosa maji ndiko kunaleta tumbo."

"Hapo sijafika. Nimesema vinatembea pamoja, sijasema nani anamvuta mwenzake. Pengine yuko wa tatu anayewavuta wote wawili, na hatujamuuliza jina."

"Wewe nawe! Miaka yote hiyo ya kusoma na hujui?"

Akacheka. "Ndiyo maana bado nasoma." Kisha akagusa zile punje chache za mafungu madogo. "Na hizi zilizokataa kwenda na wenzao usizitupe. Anza kwa kuziuliza hizo."

Nilichukua yale mafungu manne. Hayo maneno mengine nilimwachia aende nayo.

Basi nikarudi kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani. Kila wikendi nilikuwa nimeshaanza kuweka alama: msalaba kama alilala Kawangware, duara kama aliugua. Nilipofikisha wikendi kumi na sita, nikatoa maharagwe mekundu, nikayapanga adhuhuri moja mlango ukiwa wazi. Alienda akaugua: tisa. Alienda asiugue: mbili. Alibaki akaugua: hakuna hata moja. Alibaki asiugue: tano.

Niliiangalia ile sinia nikasikia utamu. Sitaficha hilo. Mtoto alikuwa anaumia na mimi nilisikia utamu, kwa sababu nilikuwa na ushahidi juu ya wale watu wa geti la chuma.

Jirani yangu muuza makaa akachungulia. Huyo ndiye mtu pekee anayeingia kwangu bila hodi.

"Haiya! Leo unapika au unacheza bao?"

"Napima."

"Profesa wa Silanga!" Akainama. Nikamweleza mafungu. Akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akaweka kidole chake cheusi kwenye zile mbili. "Na hizi? Alienda na hakuugua."

"Hizo ni bahati."

Nikazisukuma hadi ukingoni mwa sinia.

Niliitisha kikao. Kilifanyika kwao, uani mwa ploti, viti vya plastiki, wazee wawili wa kanisa lao na wawili wa letu. Nililetewa chai nikaikataa. Nilisema nina presha.

Yule cucu alikuwa mwanamke mkubwa, mguu mmoja umefungwa bandeji kwa sababu ya sukari, fimbo imelazwa mapajani. Nilipofungua kitambaa na kutoa sinia na mfuko wa maharagwe, akasema, "Mama wa Silanga, umetuletea githeri bila mahindi?"

Wazee wakacheka, hata wangu. Mimi sikucheka. Nikapanga. Nikaeleza fungu moja moja, nikawaonyesha kalenda, na mzee mmoja wa kwao aliyekuwa karani zamani akavaa miwani na kuhesabu mwenyewe. Alipomaliza hakuna aliyecheka tena.

Nikawaambia nyumba ile ina ukungu ukutani, na nyuma ya chumba anacholala mtoto kuna sungura, na paka anapanda kitandani. Yote yalikuwa kweli. Nilikuwa nimeyatafuta.

Mke wa mwanangu alikuwa ameketi chini, miguu ameikunja upande. "Mama," akasema, "sasa unanipima na maharagwe?"

"Sikupimi wewe. Napima nyumba."

"Na mimi si ndiye niko ndani ya nyumba?"

Cucu akanyoosha fimbo, akagusa ukingo wa sinia. "Hizi mbili zinafanya nini huku pembeni?"

"Siku hizo mlikuwa na bahati."

"Bahati gani? Nazikumbuka mimi. Aliruka kamba hapa tangu asubuhi mpaka nikamfukuza, ananivurugia kichwa. Mtoto mzima kabisa. Kama ni nyumba inamuua, nyumba ilienda wapi siku hizo? Ilienda safari?"

Lilikuwa swali lile lile. Nilikuwa nimeulizwa na jirani, nikaonywa na msomi, na sasa mwanamke niliyemchukia ananiuliza kwa ncha ya fimbo. Nikamjibu kwamba tisa ni zaidi ya mbili. Karani akasema hilo ni kweli.

Ikaamuliwa mtoto asilale Kawangware mpaka kifua kipoe. Mama yake aje kumwona Silanga Jumapili mchana. Wakati wa kuondoka cucu alimwita mtoto, akamvalisha sweta ya kijani aliyomfumia mwenyewe, akafunga vifungo vyote hadi shingoni ingawa jua lilikuwa linachoma. Hakuniaga.

Ijumaa iliyofuata samaki walifika kama kawaida.

Niseme jinsi Ijumaa ilivyokuwa. Lori likishusha asubuhi, na si kila wiki hushusha, mimi naosha, naweka chumvi, na saa za watoto kutoka shule moto unakuwa umeshika. Nawashia vipande vya mbao kutoka kwa mafundi wa fanicha, vile wanavyotupa, pamoja na plaiwudi, vingine vina vanishi na gundi. Vinashika haraka kuliko makaa. Mjukuu wangu akitoka shule alikuwa akivua viatu, anachukua kipande cha katoni, anachuchumaa kando ya pipa na kupepea. Nilimfundisha mwenyewe alipofika miaka sita. Mtoto wa kike ajue moto. "Pepea," nilikuwa nikimwambia, "usilale, moto unalala nawe." Naye anapepea, moshi unampitia usoni, anafumba macho anacheka. Tunakaanga hadi giza. Jumamosi nauza kutwa, sina mkono wa kumwangalia mtoto, ndiyo sababu Jumamosi hizo nilikuwa nikimpeleka Kawangware.

Msomaji labda ameshaona. Mimi sikuona. Nilikuwa ndani yake.

Jumamosi hiyo ya kwanza jioni nikasikia filimbi. Chini ya mabati yangu, hakuna ukungu, hakuna sungura. Nikampa dawa, nikamwegemeza kwenye mto, nikajiambia ni ile Kawangware inamtoka. Kalenda ilikuwa pale ukutani. Sikuweka alama.

Wiki iliyofuata samaki walifika, na Jumamosi filimbi ikarudi. Sikuweka alama wala punje.

Jumapili mama yake akaja na ndizi. Akakaa na mtoto, akamsuka, kisha akaniambia cucu ameshindwa kuamka, mguu umeharibika, na kila siku anauliza mtoto.

"Mama, nimpeleke hata saa moja tu. Asilale. Amwone arudi."

"Kifua kikipoa."

"Lakini hata hapa anaugua."

"Nani amekwambia?"

"Namsikia, Mama. Nina masikio."

"Hayo ni mabaki ya kwenu."

Alinitazama, mkono ukiwa bado kwenye nywele za mtoto. Yeye ni mtu wa sauti ya chini. Alimaliza kusuka ule msuko wa mwisho, akaufunga uzi, akaenda.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi adhuhuri. Nilikuwa na wateja, nawapashia samaki karaini. Mtoto alitoka nje akajishika kwenye mlango, midomo imekuwa rangi ya majivu, na dawa ilikuwa imeisha kwenye kichupa chake. Niliacha karai juu ya moto. Nilimfunga mgongoni kwa leso kama mtoto mchanga, miguu yake inanigonga magotini, nikapanda hadi kliniki iliyo karibu na Olympic bila kujua njia nilipita wapi. Nilikuwa nikimsikia mgongoni. Kila pumzi ilikuwa inaanza na haimaliziki.

Muuguzi alimfunika mdomo na pua kwa kifuniko cha mvuke, mashine ikawa inanguruma. Tulikaa hivyo muda mrefu. Rangi iliporudi kidogo, akachukua faili na kuanza kuuliza. Paa la nini. Kuna paka. Nani anavuta sigara.

"Nyumbani mnapikia nini?"

"Gesi."

Mtoto akasogeza kifuniko kwa mkono. "Na karai, dani?"

"Vaa hiyo. Karai si nyumbani."

"Dani hukaanga samaki," akamwambia muuguzi, anapumua katikati ya maneno. "Na mbao. Mimi ndiye hupepea."

Alisema kwa majivuno. Ni kazi aliyokuwa akiiweza.

Muuguzi akaweka kalamu chini. Akaniuliza mbao gani, nikamwambia. Akaniuliza mtoto hukaa umbali gani na moto, nikamwonyesha: kama mimi na wewe. Akaniuliza siku gani, nikasema Ijumaa. Hakunikemea, na ningependa angenikemea. Alisema tu, "Mama, huyu mtoto asikae tena kwenye moshi huo. Hata ule ulio kwenye nguo yako. Kwa wengine kifua hakifungi saa ile ile, kinafunga kesho yake."

Nilirudi nikakuta samaki wamekuwa mkaa na jirani yangu amezima moto kwa maji ya kuoshea. Nikamlaza mtoto kwake. Nikaingia kwangu, nikashusha kalenda na sinia.

Wiki za samaki nazijua kama ninavyozijua mimba zangu. Nilipitia zile wikendi kumi na sita nikapanga upya, mara hii si kwa Kawangware bali kwa karai. Samaki walikuja, akaugua: tisa. Samaki walikuja, asiugue: hakuna hata moja. Samaki hawakuja, akaugua: hakuna hata moja. Samaki hawakuja, asiugue: saba.

Mafungu mawili tu. Hayakubaki makombo.

Zile mbili za pembeni zilikuwa zimerudi kwao. Wikendi ya kwanza lori lilikwama na mvua, sikukaanga kitu, lakini kwa mama yake kulikuwa na harusi, ndiyo sababu mtoto alienda. Ya pili kiwanda kilifungwa, na mimi nilikuwa nimelala na homa nikampeleka. Ndizo hizo siku alizoruka kamba. Yule mzee wa kike alikuwa amenitajia hadi kamba.

Samaki wakija, nilikuwa na kazi. Nikiwa na kazi, nilimpeleka Kawangware. Samaki wasipokuja, nilibaki naye. Hivyo ndivyo Kawangware na ugonjwa vilivyotembea pamoja wikendi kumi na sita. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwasha Ijumaa, kisha Jumamosi nampeleka kwao akaungulie huko.

Nikatoa punje tatu za hizi wiki tatu nilizozificha, nikaziongeza kwenye tisa.

Hapo ndipo mtu mwema angefunga sinia kwa kitambaa na kwenda Kawangware siku ile ile. Mimi niliyarudisha maharagwe mfukoni. Nikasema kwanza nihakikishe. Ijumaa iliyofuata nikamwacha mtoto kwa muuza makaa, kwenye kibanda chake cha biashara kule juu, mbali na karai, nikaoga kabla ya kumchukua. Jumamosi alikuwa mzima. Alikula, akanifanyia fujo, akalala.

"Unaona, profesa!" jirani akasema. "Ametolewa Kawangware, amepona. Hesabu yako imekubali."

Akawaambia wengine, nikawaacha waambiane.

Jumapili mama yake akaja. Akamwinua mtoto, akaweka sikio kifuani, akasikiliza sana. "Naona amepoa, Mama. Ulisema kikipoa. Nimpeleke leo?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kumpeleka arudi mzima kulikuwa ni kusema, na kusema kulikuwa ni kupanga sinia tena mbele ya karani mwenye miwani na ile fimbo.

"Wiki ijayo," nikasema.

Hakubisha. "Basi nitamwambia wiki ijayo."

Wiki iliyofuata mtoto alikuwa mzima tena. Jumapili nilimvalisha, nilikuwa nimeamua, naapa nilikuwa nimeamua. Mama yake hakuja. Ilikuja simu. Cucu alifariki Jumamosi asubuhi. Alikuwa ameambiwa mtoto ataletwa Jumapili, na geti likilia alikuwa akiuliza ni nani.

Siku ya pili nikaenda na mtoto, na sinia nimeifunga kwenye kitambaa. Uani kulikuwa na hema na vile viti vya plastiki, na watu wa kanisa wakiimba chini chini. Mtoto alikimbia hadi kwenye chumba cha cucu akasimama mlangoni, kisha akarudi taratibu. Mama yake nilimkuta nyuma, karibu na sungura, juu ya mafiga kuna sufuria kubwa ya githeri ya waombolezaji. Alikuwa akichambua mahindi.

Sikumpa pole kwanza. Niliogopa nikianza na pole nitaishia hapo. Nikaketi chini mbele yake, nikafungua, nikapanga mafungu, nikamweleza. Samaki, na mbao, na katoni. Zile mbili za pembeni. Zile tatu nilizoficha. Alisikiliza mkono ukiwa ndani ya mahindi.

"Uliyajua lini haya?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili." Akatazama sinia. "Ile Jumapili niliyokuja nikakuomba?"

"Nilikuwa nayajua."

Nilitaka apige kelele, watu wa hema wageuke. Hakupiga. Akaivuta ile sinia kwake, akayatandaza maharagwe kwa kiganja, mafungu yote yakawa moja. Akayapitishia vidole kama mpishi, akatoa kijiwe kimoja akakitupa, akayaosha, akayamwaga kwenye sufuria pamoja na mengine.

"Hapa kuna watu wa kula, Mama," akasema, na kunirudishia sinia tupu.

Nilikaa hadi yakaiva. Nilipewa sahani nikaimaliza. Chai ilipoletwa niliinywa.

Wale wazee niliwaambia mwenyewe, wote wanne, siku ya mazishi, nikiwa nimesimama. Karani alivua miwani, akasema mbona hesabu ilikuwa sahihi. Nikamwambia ilikuwa sahihi.

Mtoto anakaa Kawangware sasa na kusoma Riruta. Ana miaka tisa. Mimi bado nakaanga, kwa sababu sijui kazi nyingine na sina wa kunilisha. Mbao zenye vanishi niliziacha, natumia makaa, lakini mafuta ya samaki na moshi havimtoki mtu. Jumapili naoga mara mbili, navaa gauni linalokaa kwa mtu mwingine mbali na karai, nabadilisha hata kitambaa cha kichwa. Bado harufu inanifuata.

Mke wa mwanangu ananifungulia geti. Ananiita Mama na kuniletea chai, kisha anaingia ndani. Mtoto anasimama kwenye ngazi na kuniuliza kabla hajashuka, kama mama yake alivyomwagiza: "Dani, umekaanga?" Nikiwa sijakaanga, anashuka, anakaa mapajani ingawa miguu yake sasa inafika chini. Nikiwa nimekaanga, kiti changu kinawekwa karibu na geti, yeye anabaki ngazini, tunaongea kwa sauti uwanja ukiwa katikati.

Jumapili iliyopita alikuwa amevaa ile sweta ya kijani. Mikono yake imekuwa mifupi, haifiki kwenye kifundo, na hataki avuliwe. Akaniuliza. Mama yake alikuwa ndani, hakuna aliyesikia, na zilikuwa zimepita wiki tatu sijamshika.

"Nimekaanga," nikamwambia. "Ijumaa. Makarai mawili."

Akakaa pale pale ngazini, akakunja magoti ndani ya sweta, na mimi nikavuta kiti kurudi getini.